Joseph Kiwanuka: Mwanafunzi wa Katigondo aliyekabidhiwa jimbo zima

Tarehe 29 Oktoba 1939, wiki nane tu tangu Vita Kuu ya Pili ianze Ulaya, Papa Pio XII aliwaweka wakfu maaskofu 12 wa mataifa mbalimbali katika Kanisa Kuu la Mtakatifu Petro, Roma. Wawili kati yao walitoka upande wa Afrika. Mmoja alikuwa Ignace Ramarosandratana wa Madagaska. Wa pili alikuwa Joseph Kiwanuka, padre wa miaka 40 kutoka Buganda, aliyekuwa na miaka kumi tu ya upadre.

Kiwanuka alipewa kuongoza Vikarieti ya Kitume ya Masaka, eneo linaloanzia vilima vya Buddu na kushuka hadi mpaka wa Tanganyika, pale ambapo leo malori hupanga foleni Mutukula. Wengi humtaja kuwa askofu wa kwanza Mwafrika mweusi wa nyakati hizi katika Kanisa la Kilatini kusini mwa Sahara. Kabla yake, jina linalokumbukwa ni la Henrique, mtoto wa Mfalme Afonso wa Kongo, aliyepewa uaskofu mwanzoni mwa karne ya 16.

Lakini uaskofu wenyewe ulikuwa nusu tu ya habari. Nusu ya pili ni kwamba Masaka ilikabidhiwa kwa mapadre Waafrika watupu. Parokia, shule, mashamba, fedha na nidhamu ya mapadre viliwekwa mikononi mwao. Wamisionari wa Kizungu waliobaki katika eneo hilo walikuwa hasa walimu wa seminari. Wakati huo Uganda, Kenya na Tanganyika zote zilikuwa chini ya Waingereza, na Rwanda na Burundi zilikuwa chini ya Wabelgiji. Hapakuwa na Mwafrika aliyeendesha taasisi kubwa kiasi hicho bila Mzungu juu yake.

Wafanyabiashara wanajua maana ya mali kauli. Mtu anakupa mzigo bila fedha mkononi, na neno lako ndilo dhamana. Ukirudisha hesabu vizuri, mwenzako naye atapewa. Ukiharibu, mlango unafungwa kwa wote wanaotoka kwenu. Ndivyo ilivyokuwa kwa Kiwanuka. Kama Masaka ingeanguka, waliokuwa na shaka kuhusu uwezo wa mapadre Waafrika wangepata ushahidi wao, na seminari zote za ukanda wa Ziwa zingelipa gharama hiyo.

Miaka 20 kwa mapadre wawili

Kuelewa uzito wa siku ile ya 1939 kunahitaji kurudi nyuma hadi mwaka 1879. Mwezi Februari mwaka huo, Padre Siméon Lourdel na Bruda Amans wa Shirika la Wamisionari wa Afrika, ambao watu huwaita Mapadre Weupe kwa sababu ya kanzu zao, walifika Buganda. Walikuja kwa njia ya misafara ya biashara, kutoka pwani ya Bagamoyo hadi Tabora, kisha kusini mwa Ziwa, halafu kwa mitumbwi hadi upande wa Entebbe. Njia iliyopitisha vitambaa, shanga na pembe za ndovu ndiyo iliyopitisha dini mpya.

Miaka iliyofuata ilikuwa migumu. Kati ya 1885 na 1887, Kabaka Mwanga aliamuru waumini wengi wauawe, wakiwemo Wakatoliki 22 ambao leo wanaheshimiwa kama Mashahidi wa Uganda. Januari 1892, Wakatoliki na Waprotestanti walipigana Mengo, na Wakatoliki wakashindwa. Wengi wao walihamia Buddu, kusini magharibi mwa Buganda, na eneo hilo likawa ngome yao. Mwaka huohuo Padre Henri Streicher, mzaliwa wa Alsace aliyefika Uganda mwaka 1891, alianzisha misheni ya Villa Maria, si mbali na mji wa sasa wa Masaka.

Seminari ilianza mwaka 1893. Ilikuwa darasa la wavulana wachache, na ilihamishwa mara kadhaa kabla ya kutulia Bukalasa ikiwa seminari ndogo. Mwaka 1911 ngazi ya juu, yaani masomo ya falsafa na teolojia, ilipata makao yake Katigondo, jirani na Villa Maria. Streicher, ambaye tangu 1897 alikuwa askofu wa vikarieti nzima ya Uganda, aliiona kazi hiyo kuwa ya kwanza kuliko nyingine zote.

Si wote waliokubaliana naye. Kanisa lilidai mapadre Waafrika wasome kila kitu ambacho padre wa Ulaya alisoma, bila kupunguza. Maana yake mvulana wa kijijini alipaswa kwanza kujifunza kusoma, kisha Kilatini, kisha falsafa na teolojia kwa Kilatini hichohicho. Kulikuwa na vipindi vya majaribio vya kufanya kazi misheni kabla ya kuruhusiwa kuendelea. Na juu ya hayo yote kulikuwa na useja. Katika jamii ambayo mtu hupimwa kwa watoto na ukoo, kijana kuahidi kutooa kulikuwa pigo kwa wazazi wake. Wengi walioingia walitoka njiani, wengine kwa kushindwa masomo, wengine kwa kuitwa nyumbani na ukoo. Wapo wamisionari walioona kwamba kazi hiyo ni kupoteza muda na fedha.

Streicher hakukata tamaa. Tarehe 29 Juni 1913, katika kanisa la Villa Maria, alitoa daraja ya upadre kwa Basil Lumu na Victor Mukasa Womeraka. Ilikuwa imechukua miaka 20 kupata mapadre wawili. Siku hiyo Joseph Kiwanuka alikuwa na miaka 14 na siku chache.

Kijana wa Nakirebe

Kiwanuka alizaliwa tarehe 25 Juni 1899 Nakirebe, katika wilaya ya kale ya Mawokota. Leo msafiri anayetoka Masaka kwenda Kampala hupita Nakirebe karibu na Mpigi, na wengi hawana habari kwamba hapo ndipo alipozaliwa. Wazazi wake walikuwa wa kizazi cha waumini wa mwanzo, watu waliokumbuka vita na mauaji kwa macho yao wenyewe.

Alisoma shule ya misheni, akaingia Bukalasa akiwa kijana mdogo, kisha akapanda Katigondo. Maisha ya seminari yalikuwa ya kengele. Kengele ya kuamka kabla ya jua, ya sala, ya darasa, ya kazi ya mikono, ya kimya. Wanafunzi walilima chakula chao na kufanya usafi wao. Lugha ya masomo ilikuwa Kilatini, na hiyo ilikuwa na faida moja ambayo watu wa mpakani wataielewa haraka. Walipoanza kuja wanafunzi kutoka nje ya Buganda, hakuna aliyekuwa na lugha ya nyumbani darasani. Mganda, Mnyankole na Mhaya walihangaika sawa na sarufi ileile.

Tarehe 26 Mei 1929, Kiwanuka alipata upadre. Alikuwa anakaribia miaka 30. Wakubwa wake waliona uwezo wake na wakampeleka Roma kusomea sheria za Kanisa, ambako alipata shahada ya udaktari mwaka 1932. Akiwa Ulaya aliomba jambo ambalo halikuwa la kawaida. Aliomba kuwa mwanashirika wa Mapadre Weupe wenyewe, yaani kuingia katika shirika la watu waliomfundisha. Alikubaliwa, akapelekwa Algeria kufanya unovisi, mwaka wa malezi ambao kila mwanashirika alipaswa kuupitia. Alikuwa miongoni mwa Waafrika wa kwanza kuvuka mstari huo.

Aliporudi Uganda alifanya kazi ya parokia, kisha akawa mwalimu Katigondo. Mwanafunzi wa jana akasimama mbele ya darasa lililomlea, akifundisha pamoja na Wazungu. Mwaka 1933 Streicher alistaafu, na katika miaka hiyo parokia za Buddu zilikuwa zikiondolewa moja baada ya nyingine mikononi mwa wamisionari na kupewa mapadre Waafrika. Roma nayo ilikuwa inasukuma upande huohuo. Papa Benedikto XV mwaka 1919 na Papa Pio XI mwaka 1926 walikuwa wameagiza wamisionari waandae viongozi wazalendo badala ya kukaa kama wenye mali. Mwaka 1926 maaskofu sita Wachina waliwekwa wakfu Roma, na mwaka uliofuata Japani ikapata wake. Afrika ilikuwa bado inangoja. Tarehe 25 Mei 1939, vikarieti ya Masaka iliundwa na Kiwanuka akatajwa kuwa kiongozi wake.

Hesabu mbele ya waumini

Askofu huyo mpya alirudi nyumbani wakati dunia iko vitani. Misaada kutoka Ulaya ilipungua na safari za baharini zikawa za hatari. Masaka ililazimika kujitegemea mapema kuliko ilivyopangwa. Uchumi wa Buddu ulitegemea kahawa na pamba, na bei zake ziliamuliwa mbali.

Namna Kiwanuka alivyoshughulikia hali hiyo ndiyo sehemu ya maisha yake inayostahili kusomwa na kila mwenye ushirika, kikundi cha kuweka na kukopa au chama cha wafanyabiashara wa mpakani. Alianzisha mabaraza ya parokia ambayo wajumbe wake walichaguliwa na waumini. Mlei, yaani muumini ambaye si padre, alipata kiti na sauti katika mambo ya parokia yake. Kwa upande wa shule alianzisha vyama vya wazazi, navyo pia vilikuwa na viongozi wa kuchaguliwa. Mzazi aliyetoa karo na michango alikuwa na mahali pa kuuliza fedha imefanya kazi gani.

Leo mambo hayo yanaonekana ya kawaida. Katika miaka ya 1940 yalikuwa mageni. Serikali ya kikoloni ilitawala kwa amri kupitia machifu. Kanisa lenyewe, karibu kila mahali, liliongozwa na padre peke yake, na waumini walitakiwa kusikiliza na kutoa sadaka. Kiwanuka aliona kwamba jimbo lisilo na tajiri wa nje halina budi kuwa na watu wanaoliona kuwa lao. Na mtu haoni kitu kuwa chake kama haruhusiwi kuona hesabu.

Jambo la pili alilolishikilia ni masomo. Alikuwa ameonja faida ya kusoma nje, na hakutaka ibaki bahati ya mtu mmoja. Alituma mapadre wake vijana kusoma vyuo vya Ulaya na Marekani Kaskazini, akiwaondoa kazini wakati ambapo kila padre alihitajika parokiani. Walei nao aliwatafutia nafasi. Waliorudi walikuja kuwa walimu wa seminari, wakuu wa shule na viongozi. Alikuwa na deni la kuonyesha kwamba Masaka inaweza kuzaa watu wa kuchukua nafasi yake, ili isisemekane kwamba Kiwanuka alikuwa bahati nasibu tu.

Hakuwa mtu wa kulegeza kamba. Kwa mapadre alidai nidhamu ileile aliyoikuta seminarini, na kwa wazazi alidai wapeleke watoto shule hata pale ambapo shamba lilihitaji mikono. Mtu aliyepewa mzigo kwa mali kauli hawezi kuendesha duka kwa kubahatisha.

Katika Afrika Mashariki alikaa peke yake kwa miaka 13. Kuanzia 1939 hadi 1952 hakuna Mwafrika mwingine wa ukanda huu aliyepewa uaskofu katika Kanisa Katoliki. Muda wote huo macho yalikuwa Masaka. Mwaka 1953 vikarieti hiyo ilipandishwa kuwa jimbo kamili, na Kiwanuka akawa askofu wake wa kwanza.

Seminari iliyovuka mpaka

Mlango ulipofunguka tena, aliyepita alikuwa mtu wa ng'ambo ya mpaka, na alikuwa ametoka katika seminari ileile.

Upande wa Bukoba ulikuwa na seminari ndogo ya Rubya, iliyoanzishwa mwaka 1904 na Askofu Jean-Joseph Hirth, ambaye kabla ya hapo alikuwa mkuu wa misheni ya Buganda. Rubya ilipokea wavulana wa Kihaya, na pia wavulana wa kwanza kutoka Rwanda waliotaka kuwa mapadre, ambao walifanya safari ndefu ya kuvuka Kagera kabla nchi yao haijapata seminari. Mwaka 1917, Balthazar Gafuku na Donat Reberaho wakawa mapadre wa kwanza Wanyarwanda.

Miongoni mwa wavulana waliopita Rubya alikuwa Laurean Rugambwa, aliyezaliwa mwaka 1912. Baada ya Rubya alivuka kwenda Katigondo kwa masomo ya seminari kuu. Alikuwa huko wakati Kiwanuka tayari ni askofu wa Masaka. Kwa hiyo Rugambwa hakuhitaji kuambiwa kwamba Mwafrika anaweza kuongoza. Aliona kwa macho parokia zinazoendeshwa na mapadre weusi na askofu mweusi anayetembelea watu wake. Desemba 1943 alipata upadre huko kwao Kagera. Februari 1952 aliwekwa wakfu kuwa askofu, na tarehe 28 Machi 1960 Papa Yohane XXIII akamfanya kardinali, Mwafrika mweusi wa kwanza wa nyakati hizi kupata cheo hicho.

Mwaka huohuo wa 1952, Rwanda ilipata askofu wake wa kwanza mzalendo, Aloys Bigirumwami. Maurice Otunga wa Kenya alifuata mwaka 1957, na Michel Ntuyahaga wa Burundi mwaka 1959. Katika miaka saba hivi, nchi jirani zote zilikuwa na maaskofu waliozaliwa huku. Mzigo wa Masaka ulikuwa umerudishwa na hesabu ikakubalika.

Streicher, aliyeanza na darasa la wavulana wachache, aliishi hadi Juni 1952. Alikufa akiwa na karibu miaka 89, na alizikwa Villa Maria, baada ya kuwaona wanafunzi wawili wa seminari yake wakiwa maaskofu katika nchi mbili.

Hakuna mkataba wa ushirikiano uliotiwa saini kwa ajili ya mambo hayo. Wanafunzi walivuka kwa sababu shule nzuri ilikuwa upande wa pili, kama vile leo mtu anavyovuka kwa sababu bei nzuri au hospitali nzuri iko upande wa pili. Mpaka uliochorwa na Wajerumani na Waingereza haukuweza kuwazuia.

Waraka uliomkasirisha Mengo

Desemba 1960, Kiwanuka alihamishwa kutoka Masaka na kuwa Askofu Mkuu wa Rubaga, Kampala. Nafasi yake Masaka ilichukuliwa na Adrian Ddungu, padre mwingine Mwafrika. Huko Kampala alikuta uhuru unakaribia na siasa zimechemka.

Uganda ilikuwa na tatizo ambalo Tanganyika haikuwa nalo kwa kiwango hicho. Ndani yake kulikuwa na ufalme wenye nguvu wa Buganda, na serikali ya Kabaka yenye makao Mengo iliogopa kumezwa na taifa jipya. Katika uchaguzi wa Machi 1961, Mengo iliwaamuru Waganda wasusie kura. Wachache waliopiga kura Buganda walikipa chama cha Democratic Party viti vya kutosha kushinda, na kiongozi wake, Benedicto Kiwanuka, akawa mkuu wa serikali. Huyu alikuwa mwanasheria na Mkatoliki, na anafanana na askofu mkuu kwa jina tu. Kwa wakuu wa Mengo, mtu wa kawaida kukaa juu ya Kabaka ilikuwa fedheha. Katikati ya mwaka 1961 kilizaliwa chama cha Kabaka Yekka, maana yake Kabaka pekee, ambacho kilifanya jina la mfalme kuwa bendera ya uchaguzi.

Askofu Mkuu Kiwanuka alikuwa Mganda na raia wa Kabaka Mutesa II. Wengi wa waumini wake walimpenda mfalme wao kwa dhati. Kukaa kimya kungekuwa rahisi. Mwishoni mwa 1961 alitoa waraka wa kichungaji kuhusu Kanisa na utawala. Hoja yake kuu ilikuwa kwamba mfalme ni wa watu wote, na siku atakapoingia katika chama atakuwa amejishusha kuwa mwanasiasa. Wanasiasa hushindwa, hupingwa na huondolewa. Kwa hiyo, kwa maelezo yake, wanaomsukuma Kabaka kwenye chama kwa kisingizio cha kumpenda ndio wanaouweka ufalme wenyewe hatarini.

Mengo ilikasirika sana. Waraka ulichukuliwa kuwa ni utovu wa adabu kwa mfalme na kampeni ya kukisaidia chama cha Wakatoliki. Lawama ya pili haikutoka hewani, kwa sababu siasa za Uganda za miaka hiyo zilifuata sana mistari ya dini, na chama cha Democratic Party kilitegemea kura za Wakatoliki. Serikali ya Kabaka ilitaka askofu mkuu akamatwe. Kwa kuwa alikuwa safarini nje ya nchi, alikamatwa mmoja wa mapadre wake badala yake. Tukio hilo lilizua fadhaa kubwa, na ulionekana waziwazi ugumu wa kusema neno lisilotakiwa katika nchi iliyokuwa inajiandaa kuwa huru.

Kura zilikwenda kinyume na mawazo yake. Mapema 1962 Kabaka Yekka ilishinda kwa kishindo Buganda. Ilishirikiana na chama cha Uganda People's Congress cha Milton Obote, na Obote akawa waziri mkuu. Uhuru ulipatikana tarehe 9 Oktoba 1962. Mwaka uliofuata Kabaka Mutesa II akawa rais wa Uganda. Mfalme alikuwa sasa ndani ya siasa kwa miguu yote miwili.

Siku aliyofariki

Miaka ya mwisho ya Kiwanuka ilikuwa ya safari nyingi. Kati ya 1962 na 1965 alihudhuria Mtaguso wa Pili wa Vatikano, ambako maaskofu wa dunia nzima walikutana Roma kujadili mwelekeo wa Kanisa. Mengi yaliyojadiliwa kuhusu nafasi ya walei hayakuwa mageni kwa mtu wa mabaraza ya parokia ya Masaka. Tarehe 18 Oktoba 1964, Papa Paulo VI aliwatangaza Mashahidi 22 wa Uganda kuwa watakatifu. Mtoto wa waumini wa mwanzo wa Mawokota alishuhudia siku hiyo akiwa kiongozi wa jimbo kuu la Rubaga.

Joseph Kiwanuka alifariki tarehe 22 Februari 1966, akiwa na miaka 66. Siku hiyohiyo Obote aliwakamata mawaziri wake watano wakiwa katika mkutano wa baraza la mawaziri. Ndani ya siku chache katiba ilisimamishwa na Kabaka akaondolewa katika urais. Tarehe 24 Mei jeshi lilivamia ikulu ya Mengo. Mutesa II alitorokea Uingereza na kufia huko mwaka 1969. Mwaka 1967 falme zote za Uganda zilifutwa kwa sheria, na hazikurudishwa hadi 1993, safari hii kwa masharti kwamba watawala wa jadi wasiingie katika siasa za vyama.

Kiwanuka hakuyaona hayo. Alizikwa ndani ya Kanisa Kuu la Rubaga, juu ya kilima kinachotazamana na Mengo. Wapo ambao hadi leo wanaona kwamba alipaswa kuiacha siasa kwa wanasiasa. Wapo wanaosema kwamba kama angesikilizwa, Buganda ingeokoa miaka mingi. Wote wanakubaliana kwamba alikuwa na la kupoteza aliposema.

Kazi yake ya kwanza imebaki bila mabishano. Bukalasa na Katigondo bado zinapokea wanafunzi na kengele bado zinapigwa. Kilatini kimepungua, wanafunzi wameongezeka, na mtu anayetoka Mutukula na mzigo wa kwenda Kampala hupita Masaka, kilomita chache tu kutoka seminari hizo. Tangu 1939 jimbo la Masaka limeongozwa na Joseph Kiwanuka, Adrian Ddungu, John Baptist Kaggwa na Serverus Jjumba. Wote ni wenyeji wa Uganda, na halijawahi kurudi tena katika mikono ya wamisionari waliolikabidhi.